Riviu: Heath McCoy, ripota aliyeichimba mieleka ya Calgary mpaka mizizi

Wakuu habari zenu, leo naleta riviu ya kitabu ambacho najua wengi hamjakisikia, ila kama uliwahi kukaa kibanda umiza umebanwa kwenye benchi unaangalia mieleka kwenye tivii ya chogo basi hii inakuhusu moja kwa moja. Mwandishi anaitwa Heath McCoy, mwandishi wa habari wa Kanada, alikuwa gazeti la Calgary Herald akiandika mambo ya burudani, na kitabu chake kinaitwa Pain and Passion, ni historia ya Stampede Wrestling, promosheni (yaani kampuni ya kuandaa mapambano ya mieleka) iliyokuwa inaendeshwa na familia moja tu kule Calgary, jimbo la Alberta. Kilitoka 2005, halafu 2007 ECW Press wakatoa toleo lililofanyiwa marekebisho, ndo nililonalo mimi, nililetewa na mtu aliyekuwa anatoka huko. Niseme mapema kabisa ili wenye haraka waondoke na jibu: kitabu kikali, kinunue.

Sasa kwa nini nakisifia wakati vitabu vya mieleka vimejaa kila kona? Kwa sababu vingi vimeandikwa na wanamieleka wenyewe, na wanamieleka jamani ni waongo kwa taaluma. Simaanishi vibaya. Mshindi anapangwa kabla, na kazi yao kwa miaka mingi ilikuwa kuhakikisha wewe na mimi tunaamini kwamba yule adui kweli anamchukia steringi, hata wakikutana hotelini hawasalimiani, hata wake zao wengine hawakuambiwa ukweli wote. Mtu ameishi hivyo miaka 20, leo anakaa anaandika maisha yake, unadhani ataacha kujipaka sukari? Kila mmoja kwenye kitabu chake ndo alikuwa mkali wa wote, ndo alijaza ukumbi, wengine walimuonea wivu. McCoy yeye hajawahi kupanda ulingoni, amefanya kazi ya ripota, kamfuata huyu, kamfuata yule, ametafuta yaliyoandikwa magazetini enzi hizo, halafu stori zikigongana anakuacha uone zinavyogongana. Na hawadharau hata kidogo. Kuna waandishi wakiandika mieleka wanaandika kwa kucheka cheka, kama vile watu wazima wanaoamini uongo ni wajinga, huyu hana hayo.

Kwa ambao mieleka mmeijulia kwa Vince McMahon na WWE tu, ile kampuni kubwa ya Marekani aliyoiongoza miaka mingi, kidogo niwape picha. Zamani Marekani na Kanada mieleka haikuwa ya kampuni moja. Mapromota walikutana Waterloo, Iowa, mwaka 1948 wakaanzisha National Wrestling Alliance, wakagawana nchi vipande vipande, wewe chukua hapa, mimi nachukua pale, hakuna kuingia shamba la mwenzako, na bingwa wa dunia anazungushwa kwa wote. Kila eneo likawa na mastaa wake, tivii yake, ugomvi wake, na ukiondoka eneo moja kwenda lingine unaanza upya kama mgeni. Ukiwa mkali Memphis, Calgary hakuna anayekujua. Mwaka huo huo wa 1948 jamaa mmoja anaitwa Stu Hart akaanzisha promosheni yake kule Alberta, jina lilibadilika badilika mpaka baadaye ikaja kuitwa Stampede Wrestling, kwa sababu Calgary ina tamasha lao kubwa la wachunga ng'ombe kila Julai linaitwa hivyo hivyo, na ukumbi wenyewe ulikuwa kwenye viwanja vya tamasha hilo.

Huyu Stu ndo nguzo ya kitabu. Kazaliwa Saskatoon 1915, utoto wake wa dhiki, familia iliwahi kuishi kwenye hema, na tunaongelea hema kwenye baridi ya Alberta sio hema la kambi ya shule. Akajifunza mieleka ile ya kweli ya ridhaa, 1940 akawa bingwa wa Kanada, vita vikamharibia mambo ya kimataifa, akaingia jeshi la majini, baada ya vita akaenda New York kupigana mieleka ya kulipwa, na huko ndo akampata Helen. Helen binti wa New York, msomi, mcheshi, mieleka haipendi kabisa, na ndo huyo huyo aliyekuja kukaa na mahesabu ya promosheni miaka na miaka huku analea watoto 12. Kumi na wawili bana. Wavulana 8 wote wakaingia kwenye mieleka kwa namna moja au nyingine, mabinti 4 wote wakaolewa na wanamieleka. Mama wa watu hakuwa na pa kukimbilia.

Nyumba yao ni jumba la matofali juu ya kilima, ukiwa pale unauona mji wote wa Calgary chini, na chini ya nyumba kulikuwa na chumba cha mazoezi kilichokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Dungeon. Hapa sasa ndo utamu. Ukisikia watu wanakisema kwenye WWE unafikiri ni jumba la kifalme, kumbe ni chumba kidogo cha chini, dari fupi, kuta za mbao, mikeka imechoka, joto na jasho. Anakuja kijana mwenye misuli yake, mcheza futiboli ya Kanada au mbeba vyuma, anasema nataka kuwa mwanamieleka, mzee Stu anamwambia karibu kijana, shuka chini. Na mzee hana haraka. Anakushika kichwa, anakupinda shingo, anakukamua kwa mkono mmoja huku anakuongelesha taratibu kwa sauti yake ya upole, na wewe unapiga kelele mpaka watoto wanaofanya homuweki juu wanasikia kupitia sakafuni na hawashtuki maana ni jambo la kila siku. Wengi waliopanda ngazi kutoka mule hawakurudi tena. Waliorudi ndo kina Bret Hart na Owen Hart, watoto wake mwenyewe, Jim Neidhart na Davey Boy Smith waliooa mabinti zake, Brian Pillman, Chris Benoit. Kwenye nyumba hiyo hiyo kuna wakati waliweka dubu wa mieleka, Terrible Ted, na Bret kasimulia kwamba wakiwa wadogo walikuwa wanajidondoshea aiskrimu kwenye vidole vya miguu wanaining'iniza kwenye ngazi za kibaraza ili dubu aliyefungwa chini yake alambe. Familia ina vituko, na McCoy hahitaji kuongeza chumvi, anaviweka tu vinavyokuja.

Kitu kingine anachokielezea vizuri mno ni barabara. Sisi tunaona mwanga na muziki, kumbe maisha ya mwanamieleka wa mikoani ni gari. Ijumaa Calgary, Jumamosi Edmonton, halafu Saskatoon, Regina, Red Deer, Lethbridge, mara wavuke mpaka waingie Montana, Marekani. Calgary mpaka Saskatoon ni kama kilomita 600, chukulia Dar mpaka Arusha, unaenda unapigana unarudi, barafu barabarani, wanaume wakubwa wamejazana kwenye van, bia, utani wa kikatili, na mwisho wa yote bahasha ina hela ya kukuchekesha. Promosheni hii ilisifika kwa vipaji na ilisifika kwa ubahili, vyote viwili. 1989 van yao ikapata ajali mbaya, Davey Boy Smith kichwa kilichanika vibaya sana. Ukisoma hizo kurasa unaacha kabisa kusema "si wanaigiza tu".

Halafu kuna kitu lazima nikiseme kama Mwafrika anayesoma hii historia, na hapa natoka kidogo nje ya kitabu mnivumilie. Mmoja wa maadui wakubwa waliopita Calgary ni Abdullah the Butcher, lile jitu lenye makovu ya mifereji kwenye paji la uso, linachoma watu kwa uma. Alitangazwa kwamba ni mwendawazimu kutoka Sudan. Sudan ipi? Jamaa kazaliwa Windsor, Ontario, Kanada hiyo hiyo! Sasa unganisha na yule tuliyemuona sisi kwenye mikanda, Kamala, kapakwa rangi usoni na nyota kifuani, kavaa kitambaa cha madoa ya chui, anajipiga tumbo, hajui hata kumlaza mtu kifudifudi au chali. Pale mtaani tulibishana kwamba ni Mganda kweli, na mtangazaji alikuwa anasema eti alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake James Harris, mtu wa Mississippi, na hiyo Uganda yake alitengenezewa Memphis mwaka 1982 na kina Jerry Lawler na Jerry Jarrett. Uganda haikuhusika kwa lolote! Memphis nako lilikuwa eneo kama Calgary tu, na ndivyo maeneo yalivyokuwa yanafanya kazi, promota anahitaji mgeni wa kutisha, anaangalia taarifa ya habari nani anaogopwa wiki hii, anachukua mtu mweusi mnene anampa nchi. Calgary wao walikuwa na kundi la Wahindi na Wapakistani wa uongo na kweli, Gama Singh yeye ni Mpunjabi halisi, ila mwenzake Makhan Singh alikuwa Mzungu wa Michigan anaitwa Mike Shaw kajifunga kilemba. Watu walikuwa wanataka kumpiga kweli. Hapa ningependa McCoy asimame zaidi, aulize ilikuwaje kwa wahamiaji wa kweli wa Punjab waliokuwa wanaishi Alberta miaka hiyo kukaa ukumbini na kuona hayo. Anagusa anapita.

Tofauti na hao ni Bad News Allen, na huyu kwangu ndo mtu anayevutia kuliko wote humo. Jina lake Allen Coage, mtu mweusi wa New York, judoka halisi, medali ya shaba ya Olimpiki Montreal 1976. Huyu hakupewa nchi ya kubuni, alikuja kama alivyo, mtu mwenye hasira asiyempenda mtu yeyote, na nje ya ulingo wenzake walimheshimu na kumuogopa kwa sababu walijua akiamua anaweza kukufanya chochote. Desemba 1983 wakafanya tukio moja ambapo Bad News anamgeuka mwenzake, Archie Gouldie anayejulikana kama The Stomper, anamshambulia kijana aliyetambulishwa kama mtoto wa Stomper. Watu wakapandwa na wazimu, ukumbi ukachafuka, fujo za kweli. Na hapo ndo yanatokea mambo ambayo mapromota hawakuyapanga: mtangazaji wao Ed Whalen, sauti ambayo kila nyumba ya Alberta ilikuwa inaijua, mtu mwenye heshima zake mjini, akasema imetosha, huu ukatili umezidi, akaacha kazi. Na mji ukawasimamisha kwa muda. Fikiria promosheni inayoishi kwa tiketi za wiki kwa wiki inafungiwa mjini kwake. McCoy hapa yuko nyumbani, maana hii ni stori ya gazeti la mji haswa, ina burudani, ina mamlaka ya mji, ina hela, ina mtangazaji maarufu, anaipanga vizuri mpaka unaona hatua kwa hatua jinsi kitu kilichoanza kama mchezo kinavyowaponyoka.

Na ukiifuatilia hiyo ndo unaelewa kwa nini 1984 mzee Stu aliuza. Wengi tunadhani Vince alikuja na gunia la hela akanunua kila mtu. Calgary ilikuwa imeshachoka yenyewe, madeni, kufungiwa, Whalen hayupo, halafu upande wa pili Vince kachukua kampuni ya baba yake 1982 na ameamua kuvunja mipaka yote ya yale maeneo, kila mji anataka awe yeye. Makubaliano yanayotajwa ni dola milioni 1 kwa mafungu, na kwa maelezo ya familia hizo hela hazikufika zote. Bret, Davey Boy, Dynamite Kid na Neidhart wakaenda WWF, kampuni ya Vince ambayo ndo WWE ya leo, kama sehemu ya hilo dili, na mwaka uliofuata Harts wakafungua tena promosheni yao, ikaenda mpaka mwisho wa miaka ya 80 ikafa, 1999 watoto wa Stu, Bruce na Ross, wakaijaribu tena. Sehemu hii nimeirudia kusoma maana ndo inaeleza biashara yote, namna familia inavyoweza kuwa na kipaji cha kutosha dunia nzima na isijue kushika hela.

Dynamite Kid nimemuacha makusudi. Tom Billington, kijana mdogo wa mwili kutoka Lancashire, Uingereza, kaletwa Calgary 1978 baada ya Bruce Hart kumuona kwao. Ukiangalia mapambano yake na Tiger Mask kule Japani, lile la Aprili 1981 Tokyo, utasema hii ni ya juzi tu, kasi ile, kuruka kule. Nusu ya wanamieleka wa leo ni watoto wake kisanaa, Benoit alimuiga mpaka kile kichwa cha kujirusha kutoka juu ya kamba. Na alikuwa mkatili kwa watu, utani wake sio utani, ni uonevu, na madawa, steroidi, mwili ukaisha mapema, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, akafariki 2018. McCoy ameandika wakati jamaa bado yupo hai na hajamficha. Hajamgeuza shetani pia. Anaonyesha watu waliokuwa wanamuogopa na bado wanasema hawajaona fundi kama yeye, sentensi mbili za mtu huyo huyo. Hiyo inahitaji mkono uliotulia.

Sasa niseme ukweli, theluthi ya mwisho inachosha roho. Vifo vinafuatana. Pillman 1997, Owen Mei 1999 anadondoka kutoka juu ya ukumbi Kansas City kwenye onyesho, Helen 2001, Davey Boy 2002 akiwa na miaka 39, Stu mwenyewe 2003. Na baada ya Owen familia inapasuka, hawa wanataka kuishtaki WWF, wale wanataka kazi WWF, ndugu na ndugu wanatupiana maneno hadharani. McCoy alikuwa pale mjini akiyaona, na kuna mahali nahisi anabanwa, anampenda sana mzee Stu na anataka amlinde. Yale mateso ya Dungeon anayaeleza kwa kicheko mara nyingi kuliko ninavyoweza kucheka mimi, mtoto wa miaka 17 anakamuliwa shingo mpaka mishipa ya macho inapasuka na sisi tunaambiwa mzee alikuwa na upendo wake. Labda alikuwa nao. Ila ningetaka mwandishi akae kidogo na hilo.

Lawama nyingine ni majina. Miaka arobaini ya promosheni ina watu wanaoingia na kutoka kila baada ya miezi sita, na kuna kurasa unasoma fulani kapigana na fulani akaja fulani, unapotea. Mimi nilikuwa na simu pembeni namtafuta kila mtu Youtube, Dan Kroffat yupo, Stomper yupo, ubora wa picha ni ule wa mkanda uliorekodiwa juu ya mkanda lakini unaona. Nashauri msome hivyo hivyo. Na Kiingereza chake kisiwatishe, ni cha gazeti, sentensi fupi, hajionyeshi kwamba kasoma.

Nikamaliza nikawa najiuliza sisi wetu wataandikwa na nani. Kinshasa wana catch, mieleka yao ya miaka mingi, watu kama Edingwe wanapanda ulingoni na dawa za kienyeji, mwenzake anaanguka kabla hajaguswa, na mtaa mzima unasindikiza kwa matarumbeta. Mukono pale Uganda kuna vijana wa Soft Ground Wrestling, ulingo wao ni matope na fito za mianzi badala ya kamba, video zao zimezunguka dunia nzima. Kila mtu anashea klipu. Ripota wa kukaa na wale vijana, kuuliza nani analipa, nani kaumia shingo, nani alianza na nani kaondoka kwa hasira, sijamuona bado. Kama yupo mnitajie hapo chini, nitamsoma kesho.

Kwa hiyo kwa anayetaka maksi, mimi nampa 4 kwa 5, hiyo moja nimekata kwa ajili ya majina na ile huruma kwa mzee. Kama unataka kitabu cha kukuambia nani alimpiga nani WrestleMania, lile onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, hiki sio chako, WrestleMania yenyewe inapita kwa mbali. Kama ulikuwa timu Bret kwenye ile dhuluma ya Montreal Novemba 1997, Vince alipompokonya ubingwa kwa hila ulingoni, basi soma, maana utaelewa kwa nini yule mtu alilichukulia lile jambo kama msiba wakati wenzake wanaona ni biashara, kakulia kwenye nyumba ambayo hakukuwa na mpaka kati ya hivyo viwili. Kitabu cha karatasi kwa Bongo ni kuagiza, duka la vitabu usihangaike kuuliza utaishia kuonyeshwa vitabu vya ujasiriamali, na gharama ya usafirishaji inaweza kukaribia ya kitabu chenyewe kwa hiyo tafuta mtu anayekuja. Changu siazimishi. Kuna jamaa yangu alichukua kitabu changu kingine akakirudisha hakina jalada, yeye anajijua na najua anasoma hapa.